Kisikae Juani

Watu wa Kibondo walianza kusema nina maringo mwaka ule wa tisini na sita, na siwalaumu, kwa sababu nilikuwa nawapita njiani bila salamu. Kwetu Uha salamu si neno la kutupa huku unaendelea na safari. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za mgonjwa uliyesikia juzi kuwa amelazwa. Asiyefanya hivyo ama ana kiburi ama ana jambo analolificha. Mimi nilikuwa mwalimu, kwa hiyo wakachagua kiburi.

Aliyeumia kuliko wote ni mama mkwe wangu, Mama Castory, tuliyekuwa tukikaa naye uwanja mmoja. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake na ndoo yake ya bluu kichwani, akapita ubavuni mwa mlango wangu kwenda kisimani, na mimi nikiwa nimekaa kizingitini nafunga viatu vya kwendea shule. Simwamkii. Mkamwana, tena msomi, anamwacha mama mkwe apite kama mbuzi wa jirani! Alivumilia, alivumilia, mwisho akamwambia mwanawe, "Mkeo akinichoka aseme. Nina ndugu zangu Kumsenga." Castory akaniuliza. Nikaapa kwamba sijamwona mama yake, na nikaapa kwa sauti kubwa, maana mimi nikisingiziwa huwa sichelewi kupandwa na hasira. Tukagombana mpaka chakula kikapoa.

Waliojua ukweli mapema ni wanafunzi wangu wa darasa la tano. Watundu wote walikuwa wamehamia madawati ya pembeni, upande wa dirisha na upande wa mlango. Huko walikuwa wakila miwa, wakicheza bao la kuchora na kuchapana makofi, na mimi mbele yao nasifu utulivu wa darasa. Baadaye waliniambia wenyewe, wakicheka. Wakati ule sikuwa na habari.

Kisha likaja lori. Barabara ya Kibondo ilikuwa imejaa malori ya mahindi na maharage ya wakimbizi wa Burundi, yanapita kutwa, na vumbi lake tulishalizoea. Siku hiyo nilitazama mbele, nikaona barabara tupu, nikavuka. Breki zililia karibu yangu kiasi kwamba upepo wa gari ulinipeperusha kitenge. Nilipogeuza kichwa, mahali ambapo hapakuwa na kitu palikuwa na lori zima, taa zake mbili zikinitazama. Dereva aliteremka, mlango wa gari akauacha wazi. "Wewe mama ni kipofu?" akafoka. Mimi si mtu wa kukosa jibu, lakini siku hiyo nilikusanya kitenge changu nikarudi nyumbani. Niliogopa vibaya sana.

Castory, ambaye ni seremala na wakati huo alikuwa akitengeneza milango ya zahanati kambini Kanembwa, alinipeleka kwa daktari mmoja huko. Aliitwa Niyonzima, mkimbizi mwenyewe, mtu mwembamba aliyekuwa akitibu macho Bujumbura kabla ya vita. Alinikalisha kwenye kiti, goti kwa goti.

"Bon, mwalimu. Ufunike jicho moja, uniangalie hapa, puani tu. Usizungushe macho, hein. Mkono wangu ukiuona, useme."

Nikamwangalia puani. Nikangoja. Niliona pua, masharubu na ukuta wa turubai nyuma yake. Nikachoka kungoja.

"Daktari, anza basi."

"Nimekwisha anza," akasema polepole.

Nikageuza jicho. Mkono wake ulikuwa pale pembeni ya sikio langu, vidole vinacheza. Tukabadili jicho, mambo yakawa yale yale. Akaniuliza damu ya mwezi inakuja vipi, nikamwambia imekatika tangu mwaka uliopita na nilidhani Mungu ananipumzisha. Hakucheka. Alichukua karatasi akanichorea kichwa, na ndani yake akatia nukta.

"Kuna tezi hapa, chini ya ubongo, nyuma ya macho. Kadogo, kama punje ya njegere. Juu yake ndipo mishipa ya macho inapishana. Tezi ikipata uvimbe inasukuma pale njia panda, na mtu anapoteza pembeni, kulia na kushoto. Isipotibiwa atapoteza na katikati."

"Yaani nitakuwa kipofu."

"Usipotibiwa," akasema. Halafu, kwa kutaka kuwa mkweli, akaongeza jambo ambalo lingenitesa kuliko uvimbe wenyewe. "Kuna wengine uvimbe huu unawafanya wakue tena, ukubwani. Mikono, miguu, taya. Viatu vinakataa. Uso unakuwa wa mtu mwingine. Kwako sioni hiyo. Lakini ukiiona, ujue mambo yamekwenda mbali."

Madaktari hawajui wanachokiacha kichwani mwa mtu mwoga. Na mimi ni mwoga, nasema wazi. Naogopa mtumbwi, naogopa sindano, naogopa hata kuku akinirukia. Kutoka siku ile nilianza kuuogopa uso wangu.

Barua zikaandikwa, ruhusa ikapatikana, tukapanda treni Kigoma, mimi na Castory, tukaenda Dar es Salaam kupigwa picha ya kichwa. Uvimbe ulikuwepo pale pale Niyonzima alipotia nukta. Daktari wa mionzi, mama mmoja mtulivu aliyezungumza na mimi kama tunapika wote, alisema upasuaji wa kupitia puani unafanyika ng'ambo. Hapa wangetumia mionzi. Alichukua kalamu tatu, akazielekeza kutoka pande tatu mpaka ncha zikagusana.

"Mwonzi mmoja peke yake unapita tu, haudhuru sana," alisema. "Inapokutana yote mitatu, hapo ndipo inapochoma. Tunaikutanisha kwenye uvimbe. Kwa hiyo kichwa hakitakiwi kusogea hata upana wa punje ya mchele."

"Kikisogea?"

"Mishipa ya macho iko jirani sana, mwalimu. Ndiyo maana tunakutengenezea kinyago."

Walinilaza chali wakanifunika uso mzima kwa bendeji zenye plasta mbichi, wakiniachia matundu ya pua. Giza, ubaridi, kisha joto la plasta inayokauka. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe, nikahisi nazikwa, nikamkamata fundi mkono mpaka akaguna. Kutokana na ile plasta wakafinyanga uso wa plastiki ngumu, mwepesi, wa kupitisha mwanga. Ulikuwa uso wangu kabisa, hata kovu la kidevuni lilikuwepo, ila macho yamefumbwa. Juu yake walichora misalaba midogo ya wino mwekundu, mmoja kila panja na mmoja juu ya paji la uso. Hiyo ilikuwa milango ya mionzi. Siku ya matibabu kinyago kingefungwa kwa skrubu kwenye meza, na mimi ndani yake, peke yangu chumbani.

Lakini mashine ilikuwa moja na wagonjwa walitoka nchi nzima. Nikaambiwa nirudi mwezi wa sita. Kabati lao la vinyago lilikuwa limejaa, kwa hiyo kila mgonjwa wa mbali alipewa chake akitunze.

"Usikikalie, usikiangushe," fundi alisema. "Na kisikae juani."

Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nashukuru tu kutoka mle ndani.

Nilipofungua boksi la kinyago nyumbani Kibondo, mwanangu Recho alikimbilia uvunguni. Mama Castory aliushika uso ule kwa mikono miwili, akanitazama mimi, akautazama ule.

"Ee Yezu wangu! Huko Dar walikuzika?"

Nikamweleza. Nikamweleza na habari ya macho pia, kwamba zile asubuhi zote nilikuwa simwoni kweli. Alikaa chini kwenye mkeka akalia, na mimi nikalia, na yale maneno ya Kumsenga yakaishia hapo. Tangu siku ile akija kwangu alikuwa anatokea mbele, tena anakohoa kabla hajafika, ili nisishtuke. Na kinyago akakipa heshima kuliko mimi. Mgeni akikitolea macho alikuwa anakifunika kwa kanga na kusema, "Kisikae juani hicho."

Castory aliona ninavyoogopa. Hakusema usiogope, maana ni mtu mwenye akili. Alichonga ubao wa kulalia kama ile meza ya hospitali, kwa jinsi nilivyomweleza, akatoboa matundu ya kamba, akaniambia tuwe tunajizoeza. Jioni nilikuwa nalala juu ya ubao, ananivalisha kinyago, anafunga kamba. Mara ya kwanza nilitaka kupiga kelele nikagundua siwezi, kwa sababu kinyago kimeshika kidevu. Nilipigapiga miguu mpaka akanifungua, na nikamtukana kama yeye ndiye aliyeniletea uvimbe. Tukarudia. Nikabuni ujanja wa kuita mahudhurio kimoyomoyo: Abdalah, Aline, Harerimana, Hilali, dawati kwa dawati, na sifunguliwi mpaka darasa zima liishe. Taratibu nikaanza kuweza. Nilikuwa bado naogopa, lakini nilikuwa nimelala.

Likizo ya Pasaka kaka yangu Bazilio, anayekaa Kasulu, alianguka na baiskeli akavunjika mguu, na mkewe alikuwa ndio kwanza amejifungua. Ikanibidi nikawasaidie. Panya wa nyumbani kwetu walikuwa wameshaanza kutafuna pembe za lile boksi, basi nikalibeba nikampelekea Mama Castory.

"Mama, nitunzie. Panya wasikifikie, na kisikae juani."

"Nenda salama, Mama Recho," alisema. "Mimi sijawahi kupoteza cha kutunza."

Niliporudi kutoka Kasulu kinyago kilikuwa mezani kwangu ndani ya boksi lake, kimeoshwa, kinanukia sabuni na moshi kidogo. Kila kitu kwetu kinanukia moshi. Jioni nikalala juu ya ubao, Castory akaninyanyulia uso wangu kuniwekea.

Haukuingia.

Alijaribu tena. Ulinibana kwenye daraja la pua na ukanikwama tayani upande wa kulia, na panja la kushoto ukabaki juu, hewa inapita. Castory akausukuma taratibu, nikaumia.

"Umenenepa?" aliuliza.

"Pua inanenepa?"

Castory akakirudisha kinyago kwenye boksi. Nilimwona usoni kwamba amekumbuka maneno ya Niyonzima, kwa sababu alikuwepo siku ile. Viatu vinakataa. Uso unakuwa wa mtu mwingine. Nilivuta pete ya ndoa, ikagoma kwenye kifundo. Miguu yangu ilikuwa imevimba kwa kukaa juu ya lori kutoka Kasulu, viatu vimeacha alama, na mimi nilizipima alama zile kwa kidole, moja baada ya nyingine. Castory akasema twende kambini kwa daktari. Nikakataa. Niliona kwamba daktari akishatamka litakuwa kweli, na mpaka hapo bado lilikuwa letu wawili tu.

Sijui kama niliwahi kuishi na hofu kama ile. Nilitoa picha ya harusi nikailinganisha na kioo, taya kwa taya, mpaka sikujua tena taya langu linatakiwa kuwaje. Nilijishika pua darasani. Mtoto akinitazama sana, nilidhani ameona. Nilianza kujifunga kanga kuzunguka kidevu kama mtu mwenye jino bovu. Na wakati huo huo pembeni pangu palizidi kufungwa, kwa sababu sasa hata kikombe nilichokiweka mwenyewe mezani nilikuwa nakipoteza. Nikafikia uamuzi: uvimbe umenishinda, umeanza kunijenga upya, kusafiri ni kwenda kuchomwa bure. Bora nipofukie nyumbani, mahali ninapojua milango iko wapi.

Mwezi wa sita ulipofika nikamwambia Castory siendi. Akabembeleza, akafoka, akatoka nje, akarudi.

"Utakwenda," akasema. "Mimi kazi ya kambini wamenibana, lakini Mama atakusindikiza. Na kama hutaki kwa ajili yako, nenda kwa ajili ya Recho."

Nikaitikia, huku moyoni nimeshapanga. Ningefika Kasulu kwa Bazilio, ningesema naumwa, ningeishia hapo. Mama Castory hakuambiwa habari ya uso kutoingia. Tulimwonea huruma.

Tulifika Kasulu jioni, tumejaa vumbi la barabara ya Mvugwe mpaka kwenye kope. Bazilio alikuwa anatembea na fimbo. Mkewe alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya udongo nyuma ya ile kubwa, na Mama Castory, mtu asiyeweza kukaa kigeni, akaingia kumsaidia kusonga ugali. Mimi nilikaa mlangoni mwa jiko nikitafuta maneno ya kumwambia kwamba kesho ninarudi Kibondo. Boksi lilikuwa mapajani mwangu. Mama akaja akalichukua bila kuuliza. Nilimfuata kwa macho nikidhani analipeleka ndani. Badala yake alivuta kigoda, akapanda, akatoa kinyago ndani ya boksi, akaanza kukiweka juu ya uchaga wa miti ulio juu ya mafiga, pale yanapokaushwa mahindi ya mbegu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakilaza. Hii nyumba ina panya, nimewasikia." Alikuwa anasogeza magunzi kukitafutia nafasi. "Uliniambia panya wasikifikie, na kisikae juani. Huku juu jua halijawahi kuingia."

"Juu ya moto?"

"Mbegu zangu zinakaa wapi? Tangu nimeolewa sijapoteza mbegu hata mwaka mmoja. Ulipokuwa huku unamuuguza Bazilio, kilikaa kwangu juu ya mafiga siku zote zile, bila boksi, kipate moshi vizuri. Ulipokaribia kurudi nikakifuta masizi."

Nilisimama. Nilimnyang'anya kile kinyago, nikakipeleka kwenye mwanga wa moto na kukigeuza polepole mbele ya macho, katikati, mahali ambapo bado nilikuwa naona. Daraja la pua lilikuwa limelala upande. Taya la kulia lilikuwa limeingia ndani kidogo, kwa namna usiyoweza kuigundua mpaka uambiwe. Nikajishika pua, nikajishika taya. Havikuwa vimekua. Kilichokuwa kimebadilika ni plastiki.

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Bazilio akaja akichechemea kuuliza kuna nini, na mke wake akaacha mwiko ndani ya ugali. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu nilikumbuka zile kalamu tatu. Ncha zake zilikutana kwa kufuata misalaba, na misalaba ilikuwa juu ya kinyago, na kinyago kilikuwa kimepinda. Sikuwa na uso wa kwenda nao. Ningefika Dar bila kitu, na zamu yangu ingepewa mwingine, na pembeni pangu panafungwa kila wiki. Hofu ya kwanza ilikuwa ya uongo na ilinipotezea akili. Hii ya pili ilikuwa ya kweli.

Mama Castory alikuwa bado juu ya kigoda. "Nimekiharibu?" aliuliza.

"Kimeyeyuka, Mama."

Alishuka, akakaa pale pale kwenye majivu, akajishika kichwa. "Yoo, mwana wanje. Nimekuua kwa mikono yangu. Nilikitunza kuliko mbegu."

Hasira ilikuwa imenifika kooni. Nilikuwa na maneno, na mnajua sasa kwamba huwa ninayo. Lakini ili kumwona mtu wakati ule ilinibidi nimgeuzie uso mzima, na nilipomgeuzia nikaona mama mzee aliyekaa kwenye majivu, amekumbatia magoti, macho ameyakaza kwenye kile kinyago. Aliogopa kuliko mimi. Sikuwahi kumwona mtu anayeogopa kuliko mimi.

"Inuka, Mama," nikasema. "Kesho tunashuka Kigoma kupanda treni."

Fundi wa Dar aliponiona natoa kinyago alikigeuzageuza, akauliza, "Hiki mlikipika?" Mama Castory akajibu ndiyo, kwa uwazi kabisa, kama mtu aliye mahakamani. Yule daktari mtulivu alikuja, akasikiliza habari ya mafiga na mbegu mpaka mwisho, akasema atamwambia fundi awe anataja na moto. Nikafunikwa plasta upya. Nilingoja siku kadhaa kwenye korido nikiomba zamu isinipite, na haikunipita.

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi. Walinilaza, wakaufunga uso wangu mpya kwenye meza, nikasikia skrubu zinazunguka karibu na masikio. Wakasema usisogee. Wakatoka wote. Mlango mzito ukafungwa, na nikajua hakuna mtu mwingine mle ndani mwenye mwili wa kuchomwa. Moyo ulipiga mpaka nikahofia utatikisa kichwa. Mashine ikaanza kuunguruma. Nilingoja moto, na moto haukuja. Haukuja hata uvuguvugu. Nikaanza kuita mahudhurio, safari hii nikianzia madawati ya pembeni, wale watundu wote, wa dirishani na wa mlangoni. Nilipotoka Mama Castory alikuwa amesimama nje ya ule mlango, mkono wake umegusa ukuta. Alikuwa hapo kila siku mpaka tulipomaliza. Nywele zilinitoka viduara juu ya mapanja, ngozi ikawasha, nilichoka kama niliyelima. Mengine sikuyahisi.

"Nimepona?" nilimwuliza daktari siku ya mwisho.

"Mionzi haina haraka," alisema. "Inaweza kuusimamisha uvimbe tu, macho yabaki hivi yalivyo. Yanaweza kurudi kidogo. Inaweza kuchukua mwaka kujua."

Mwaka! Nani anamwambia mwoga angoje mwaka? Nilirudi Kibondo na hofu yangu ile ile, ila sasa haikuwa na tarehe. Mwalimu mkuu aliamuru wanafunzi wangu wote wakae safu za katikati, wakabanana kama maharage guniani, watundu wakanuna. Asubuhi nilikuwa naweka mkono kando ya sikio na kuchezesha vidole kama Niyonzima, na pale hapakuwa na mkono. Nilifanya hivyo mpaka nikaacha, kwa sababu kila jaribio lilinimaliza kwa siku nzima. Usiku nilijiuliza kama ncha za kalamu zilikutana mahali pake.

Na kulikuwa na jambo jingine lililoniuma ambalo sikumwambia mtu. Mama Castory aliacha kukohoa. Asubuhi nikifunga viatu kizingitini sikumsikia tena akija, wala hakutokea mbele yangu kunijulia hali kama alivyozoea. Nilidhani amechoka na mimi. Nikasema, ni haki yake, amesafiri na mgonjwa wa watu mpaka pwani, amelala kwenye korido, na bado mgonjwa ni yule yule.

Mvua zikaja, zikapita, zikaja nyingine. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa pale kizingitini nahangaika na kamba ya kiatu iliyofunga fundo. Upande wa kushoto kukawa na kitu cha bluu.

Nilidhani ni kizunguzungu. Nikaiacha kamba. Sikugeuka, maana nilikumbuka: usizungushe macho. Nikakikazia macho kile kiatu, kamba, matope yaliyokauka kwenye soli, na ile bluu haikuondoka. Ilikuwa ya duara. Chini yake kulikuwa na kitu chenye maua ya njano, kama kitenge, na kilikuwa kimetulia tuli. Nikaogopa kupumua, nisije nikakifukuza.

"Mwakeye, Mama," nikamwamkia, macho yakiwa bado kwenye kiatu.

Ndoo ilianguka kwenye mawe ikabiringika mpaka uani.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Hujageuka?"

"Sijageuka, Mama."

Alikuja mbele yangu akachuchumaa, akanishika mashavu kwa viganja vyake vikavu, akanitazama jicho moja baada ya jingine.

"Nasimama pale kila asubuhi tangu tumerudi," alisema. "Nasimama, nangoja, hunioni, nakwenda zangu kisimani nalia. Niliogopa kukohoa, nisije nikakusaidia."

Kisha akarudi nyuma hatua moja, akainama, akapiga makofi taratibu, na akaiitikia salamu yangu tangu mwanzo: habari za nyumbani, za mumeo, za Recho, za shule, za Bazilio na mguu wake, za shamba. Nikaitikia zote. Siku hiyo nilichelewa shule.